Mama Watoto na Katuni ya Ndoo

Asubuhi ile mke wangu alinitembeza kwenye korido na ndoo ya maji kabla hata sijanywa chai. Yeye kakaa kwenye kigoda, simu mkononi, anaipiga picha miguu yangu.

"Tembea kama kawaida yako, mzee. Usijidai."

"Kawaida yangu ni kukaa."

"Bega lishuke! Wenzangu wanasema ndoo ya katuni yangu nyepesi, kama nimeijaza pamba."

Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Alfajiri iliyofuata hakuamka.

Mama Watoto alishona sare za shule mpaka vidole vikakataa sindano. Binti yetu akamwachia kompyuta yake kuukuu. Humo akajifunza kuchora watu na kuwafanya watembee. Mwaka mzima alihangaika na katuni moja tu: mzee anateka maji, anapeleka nyumbani. Basi.

Kila Jumamosi yeye na wenzake walikutana chumba cha nyuma kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe, muuguzi, fundi simu na yeye. Wote wanachora kwa kupenda tu. Mmoja anaonyesha, wengine wanasema: kwanza walichokiona, ndipo kinachowakera. Muuguzi aliwahi kutoa machozi pale kwa ajili ya paka wake wa katuni. Mama Watoto akamwambia, "Paka wako anaruka vizuri, mwanangu. Ila anatua kabla hajafika. Mpe nafasi aone anakokwenda." Paka sasa anatua kama paka.

Hamu yake ilikuwa moja. Katuni yake iingie kwenye onyesho la mtaa, imulikwe ukutani, watu waione. Mwenye kuchagua ni kinyozi.

Mchana wa siku ile ya ndoo, Jumamosi, nikambebea kompyuta mpaka kwa kinyozi. Wakaitazama katuni.

"Ndoo sasa ina maji," akasema fundi simu. "Mpaka bega langu limeuma."

Muuguzi akasema, "Nyayo zinateleza, mama, kama kakanyaga sabuni."

"Kweli, zinateleza." Mama Watoto akarekebisha palepale.

Kinyozi akakohoa kidogo. "Mama, mguu wa kushoto. Mzee anachechemea. Watu watadhani hatujui kazi. Unyooshe, naiingiza leo hii."

Mguu wangu wa kushoto ulivunjika zamani, nikishusha magunia. Nikauvuta chini ya benchi.

"Huo sikuukosea," akasema Mama Watoto.

"Basi, mama, mwaka huu haitaingia."

Mke wangu akafunga kompyuta. Mkono wake ukabaki juu ya kifuniko, unakisugua kama anapiga pasi. Nikamnong'oneza, "Mnyooshe tu, Mama Watoto. Mimi sinuni."

Hakunong'ona yeye. Alinijibu wote wasikie:

"Nikimnyoosha, huyo ni mume wa mtu mwingine."