Kisu Nilichokishika Msibani kwa Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile tuliyomzika baba hapa Tabora. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na wokovu mmoja. Vyote viwili vilinipwaya kama koti la kuazima, nami nikadhani vimenikaa. Wazazi wangu walikuwa Wakatoliki wa kila Jumapili. Mimi niliokokea chuoni, katika ushirika uliotufundisha kwamba rozari ni dhambi, ngoma ni dhambi, na nyama iliyochinjwa na asiyeokoka ni najisi.

Sasa mtaani kwetu, msiba ukitokea, mnyama huchinjwa na Mwislamu hata nyumba ikiwa ya Mkristo, ili wote wale sinia moja. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, tumeikuta. Jirani yetu Mzee Shabani, seremala aliyekuwa ametengeneza jeneza la baba, alifika asubuhi na kisu chake. Nikamzuia uani.

"Shikamoo, mzee. Leo nitachinja mwenyewe."

"Marahaba." Akaitazama mikono yangu. "Kuku umewahi kuchinja?"

"Kwa jina la Yesu nitaweza."

"Haya, baba. Mbuzi naye ana la kusema."

Alikuwa nalo. Alinizungusha mpaka kwenye mahindi ya jirani, nikiwa na tai shingoni, waombolezaji wakijitahidi kutocheka, kabla sijamchinja kwa mkono wangu.

Mchana, waliochimba kaburi walirudi kutoka maziko, udongo ungali kwenye suruali zao. Wengi wao walikuwa Waislamu, na habari ya kisu ilikuwa imeshawafikia. Walinawa mikono, wakatupa pole, wakasema wameshiba. Kisha wakaenda zao, mmoja mmoja.

Mama aliniita jikoni. Hakupaza sauti.

"Wamemzika baba yako, umewarudisha na njaa. Huyo Yesu aliyekula na watoza ushuru, leo angekula kwako?"

Nikaanza kumtajia aya.

"Nyamaza. Aya nazijua, nakuuliza wewe. Kesho una basi lako. Mimi mjane nitabaki na nani?"

Wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi, nami niliyekuwa nikikemea wachawi kila Ijumaa kwenye maombi ya ushirika sikuwahi kufikiria kwamba wahenga hao wangeweza kunisema mimi.

Sikupanda basi. Kesho yake nilinunua mbuzi, nikamburuta hadi karakana ya Mzee Shabani.

"Umeleta mbuzi au mahubiri?" akauliza, randa ikiwa mkononi.

"Mbuzi, mzee. Nimekosa. Naomba utuchinjie siku ya kuanua matanga."

Akaipitisha randa kwenye ubao mara mbili. "Mimi sina kinyongo. Lakini hao wengine kawaambie mwenyewe."

Nikaenda nyumba kwa nyumba, nikisema maneno yaleyale, na kila mlango ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia. Siku ya tatu walikuja, isipokuwa mmoja, na sikumlaumu. Mama aliwapakulia kwa mkono wake.

Ushirika uliposikia, ulinitaka nitubu hadharani. Nikakataa. Walinitenga, na iliniuma, maana ndio walionifundisha kuomba, na hilo nawashukuru hadi leo. Kristo sikumwacha. Niliacha tu kumlinda, kana kwamba yeye ni kifaranga na majirani zangu ni mwewe. Kuna usiku nilitamani ule uhakika wa zamani, wenye jibu la kila swali. Sikuurudia, na siurudii.

Basi, mwanangu, shika imani yako, tena ishike kwa nguvu. Lakini ikikuambia umdharau aliyemzika babu yako, iulize maswali, usiogope. Imani ya kweli haivunjiki kwa kuulizwa. Ukikosea, nenda mwenyewe mlango kwa mlango, usitume mtu wala ujumbe wa simu. Na ukitengwa kwa kutenda haki, lia kidogo, kisha endelea.

Mungu akupe moyo mgumu kwa majivuno yako na laini kwa wageni wako. Akujalie majirani wengi kuliko hoja. Amina.