Nimemshinda Bibi kwa jina la Margo

Nimemshinda Bibi leo! Nyinyi mnamjua, hajawahi kushindwa na mtu.

Leo siku ya saba, akika imeiva hapa Sur, Oman, na binti wa dada yangu Zuwena bado hana jina.
Dada anataka Margo.
Bibi kagoma. "Jina gani hilo lisilo na maana? Simbebi!"
Dada machozi yanamtoka.

Nikaingia mimi. "Bibi, Margo ni kifupi cha Marguerite. Wafaransa wamelichukua kwa Wagiriki. Maana yake lulu."

Kaka yangu injinia akacheka mpaka akakohoa. "Wewe uliyekimbia darasa la tisa?"

Haya.
Nikampigia mtalii mmoja Mfaransa niliyemtembeza bonde la Tiwi wiki iliyopita. Anaitwa Marguerite, kama bibi yake na bibi wa bibi yake. Nikaweka spika.
"Madamu, jina lako maana yake nini?"
Akajibu kwa Kiarabu chake cha kuungaunga: "Lulu, habibi!"



Bibi akanyoosha mikono. "Nipeni Margo wangu! Mbona mmemshika kama gunia?"

Haya, andikeni majina yenu hapo chini nikupeni maana. Mainjinia mtangoja zamu.