Mifupa ya Shamba la Usoke

Shamba tunalolima Usoke ni la mama mkwe wangu. Alitupa kwa sharti moja: tukishindwa kulistawisha, analihamishia kwa shemeji yangu, ambaye mke wake ni mkulima hodari na hachoki kutukumbusha. Kwa hiyo mahindi yalipofika magotini yakageuka rangi ya zambarau, nilikosa hata hamu ya kula. Mume wangu yeye alifurahi. Alisema ndiyo mbegu ya kisasa.

Bwana shamba alipopita alitwambia hiyo ni njaa ya fosforasi. Imo ardhini, alisema, ila udongo wetu wenye asidi umeing'ang'ania, na mizizi hunywa ile tu iliyoyeyuka kwenye maji. Akataja pa kuipata nyingine: mbolea ya dukani, mawe maalumu yaliyosagwa, samadi, mifupa. Mume wangu husikia neno la mwisho tu, hata kanisani. Akaenda kwa wachoma nyama wa stesheni, akarudi na magunia ya mifupa, akaifukia mizima mizima kati ya mistari.

Kulipokucha, mbwa wa Usoke nzima walikuwa wanatulimia. Nilitamani kumfukia yeye.

Bwana shamba akarudi kutufafanulia, huku akizuia kicheko, kwamba mifupa huchomwa, ikasagwa. Tukaiwasha uani. Harufu ikafika kwa wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi kwa jirani, nao wakaja mmoja mmoja kutujulia hali. Hakuna aliyetaja nyama. Walikaa tu, wakatuulizia afya za wazazi, za watoto, za mbuzi. Mgeni huwezi kumwambia umechoma mifupa mitupu, basi jogoo wangu akachinjwa. Niliumia sana. Mifupa yake nayo ikaingia motoni.

Tulitwanga ule unga kwenye kinu, tukauchanganya na samadi, tukautia mashinani. Majani ya zamani yalibaki zambarau, lakini mapya yakatoka kijani. Sijui ni mifupa, ni samadi, au mizizi ilikuwa imerefuka ikajitafutia yenyewe.

Mama mkwe alikuja kukagua. Alizunguka shamba lote, akauliza tumelilisha nini. Mwanawe akamweleza kwa majivuno: mifupa ya ng'ombe, ya mbuzi, mpaka ya jogoo, hatukubagua.

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja kutoka mashinani.

"Shamba chukueni," alisema. "Ila mimi nikifa, mkanizike kwa kaka zangu Igunga."