Nilitaka bunduki ya kumuua mamba anayekula mbuzi wangu, nikashindwa kwenye chambo

Wakuu, natumai wote wazima. Haya yamenitokea mwenyewe hapa Kitaya, na atakayesema ni chai basi alete na vitafunwa.

Sauti ya yule mwanambuzi bado ninayo masikioni. "Meee..." halafu ikakatika katikati, kama mtu kazima redio.

Kugeuka, naona maji ya Ruvuma yanazunguka tu. Mchana kweupe, jua la utosi. Mama yake kasimama ukingoni anayaangalia maji, na mimi nimeshika fimbo kama mbeba bendera.

Hakuwa wa kwanza. Yule mamba alishalionja zizi langu kabla ya hapo.

Jioni mama akaniambia, "Zuhura, akichukuliwa mwingine nauza wote waliobaki. Sifugi mbuzi kwa ajili ya mamba."

Wakuu, wale mbuzi ndio ndoto yangu. Shule niliishia njiani, mtaona wenyewe kwenye uandishi. Lakini kichwani nina ranchi kabisa: geti la chuma, bango, mimi nimevaa buti. Na ranchi zote nilizowahi kuziona kwenye simu zina bunduki.

Basi nikazama mtandaoni. Pump action, bolt action, scope, vyote nikavikariri. Shotgun niliipenda kwa ule mlio wake wa kuikoki. Rifle niliipenda kwa darubini. Hapo mkumbuke sijawahi kushika hata manati.

Mazoezi nilifanya kwa mchi wa kinu. Nauweka begani, nafumba jicho moja, "pwaa!" Mbuzi wakatawanyika hadi kwenye mihogo ya jirani.

Mama akatoka jikoni. "Hebu rudisha mchi wangu! Unanuka kisamvu huo, au unataka kumuua mamba kwa harufu?"

Nikaona isiwe tabu, nikamwita mjomba Hamisi kutoka Nanyamba. Jambo zito huku kwetu linapelekwa kwa mjomba, na huyu wangu ni askari wa wanyamapori mstaafu, kwa hiyo silaha anazijua. Tukaenda mtoni, tukakaa mbali na maji.

"Njomba, nitafute shotgun au rifle?"

"Shotgun! Marisau, zile chembe zake za risasi, ni ya kanga na nguruwe pori. Kwa mgongo wa mamba ni kama umemrushia choroko. Utamkasirisha tu, na jirani yake ni wewe."

"Basi rifle."

"Rifle kubwa, sawa. Umpige nyuma ya jicho, mahali padogo kama limau, naye kajitokeza kidogo tu. Ukikosa, risasi inadunda juu ya maji inaendelea na safari yake. Kule ng'ambo ni wapi?"

Nikatazama. Kulikuwa na mwanamke anafua, kaifunga khanga kiunoni.

"Msumbiji."

"Enhe. Unataka kuanzisha vita vya nchi mbili kwa ajili ya mbuzi, mpwa wangu?"

Wakuu, hilo halikuwemo kwenye video hata moja.

Akaniambia pia kwamba hata mwenye leseni hajiamulii tu kumpiga mamba, ni mali ya serikali. Kazi hiyo ina watu wake, na wana rifle yao.

"Nitawapigia simu vijana walioko kazini," akasema. "Ila mamba haji kwa adabu, lazima aitwe. Kamlete mbuzi wa chambo tumwone. Ukishamchagua, napiga simu."

Nikapanda kwenda zizini kifua mbele. Mmoja afe, wengine wapone. Nani hawezi?

Kocha ndiye dume pekee. Bi Harusi ana mimba. Yule aliyefiwa na mwanawe, nitamtazamaje usoni? Wazo la mbuzi wa jirani likapita, astaghfirullah, nikalifukuza.

Akabaki Mgomvi, aliyenipiga pembe siku ya Idi nikaenda kula pilau nachechemea. Huyo hata roho haitaniuma! Nikamfunga kamba.

Njiani akaanza kunilamba kiganja. Najua alitaka chumvi ya jasho tu. Lakini mimi nikaona ananisamehe.

Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia. Mwenye ranchi mzima!

Mjomba akatukuta hapohapo. "Ndiye huyu?"

"Njomba, hayupo. Hakuna wa kutoa."

Akacheka mpaka akashikilia mti. "Wewe hata bunduki ya maji haikufai." Halafu akaacha kucheka. "Sasa kama mmoja huwezi kumpelekea mamba, mbona kila mchana unampelekea wote?"

Nikamfungua Mgomvi kamba. Kweli, aliyekuwa anawateremsha ni mimi, njia ileile, jua likiwa palepale. Mamba wa watu alikuwa anakuja mezani tu.

Siku hizi mbuzi wanakunywa juu, zizini. Nimelikata pipa la plastiki katikati, nasomba maji ya bomba la kijiji kwa baiskeli. Mama ananipita akisema, "Kumbe mgongo ulikuwa unauma kwa ndoo zangu tu." Lakini habari ya kuuza hajaigusa tena, na asubuhi moja nilimfuma anawaongezea maji.

Nilichojifunza: ukitaka silaha ya kulinda mifugo, fuata sheria, uliza wanaojua. Ila kwanza jichunguze, adui anakufuata au wewe ndiye unayempelekea sahani? Wafugaji mnaoishi kando ya mito, mnafanyaje kwenu? Na wa kunicheka karibuni, mama kashawatangulia.

Jioni ile, mjomba alipoondoka, nilirudi mtoni peke yangu na panga. Nikakata matawi ya miiba, nikayalaza kwenye ile njia ya kushukia, moja juu ya jingine, mpaka nikawa siyaoni maji.