Fundi Anayevuta Mishono

Usiku kucha fundi cherehani hakupata usingizi. Alikuwa akingoja habari za binti yake, mgonjwa wa kisukari, aliyejifungia kwenye chumba cha maombi na kuacha sindano za insulini kwa amri ya mtume wa kanisa lao. Akikosa amani huwa anashika nguo iliyokwisha kushonwa, anaigeuza ndani nje na kuvuta kila mshono kwa vidole gumba. Wateja humtania, "Mama, utaichana bure!" Naye hujibu, "Heri ichanike hapa kuliko barabarani." Biblia nayo huisoma hivyohivyo, kidole juu ya mstari, midomo ikicheza, akirudi nyuma kila neno linapomtatiza.

Kulipokucha alikuwa mlangoni pa chumba kile, Biblia kwapani, kipimo cha sukari mkononi. Mtume alimzuia. "Mwanao amepona, mama. Kumpima ni kumtilia Mungu shaka."

"Baba mtume, mimi sikusoma sana, nisaidie. Wale wakoma kumi, Yesu aliwatuma kwa makuhani wakafanye nini?"

"Wakajionyeshe."

"Yaani wakakaguliwe. Yeye hakuogopa wakaguliwe. Wewe unaogopa nini?"

Mtume akapaza sauti, akaanza kukemea pepo wa ubishi. Vidole gumba vya fundi vilikuwa vikivuta pindo la gauni lake mwenyewe. "Mwanangu," aliita, "umesikia?"

Kisha komeo likasogea kwa ndani, mlango ukafunguka kidogo, na mkono mwembamba ukatokeza, kidole kimoja kimenyooshwa tayari kuchomwa.