Lango la Maksai

Yakobo Wakhungu alipenda kutubu. Si kwamba alikuwa mtenda dhambi kuliko wenzake pale Malakisi. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye ng'ombe watatu, shamba la mahindi na mke mmoja. Lakini tangu uamsho ufike kanisani kwao, na watu waanze kusimama Jumapili kutaja makosa yao mbele ya wote, Yakobo aligundua kuwa ana kipaji. Wengine walisimama wakababaika, wakalia, wakaketi. Yeye alisimama, akanyoosha koti, akakohoa kidogo, na hata watoto wakanyamaza.

Alitubu kwamba alimtukana ndama. Alitubu kwamba alipita kwa shemeji yake akakuta wanakunywa pombe ya busaa, akavuta mrija mara moja, kuonja tu kama imeiva. Alitubu kwamba aliitamani baiskeli ya mwalimu. Kila alipomaliza, wimbo ulipaa, kina mama wakapiga makofi, wazee wakamkumbatia. Watu walisema huyo ndiye Mkristo wa kweli, hafichi kitu.

Mkewe, Edah, muda wote huo alikuwa akitazama sakafu. Nusu ya dhambi zile zilimhusu yeye, na kijiji kizima kilikwisha kujua jinsi mumewe anavyonuna ugali ukichelewa. Lakini hilo angelivumilia. Kilichomwinamisha kichwa ni kwamba alijua kile kinachofichwa.

"Siku moja dhambi ndogo zitakuishia, Baba Mukhisa," alimwambia mumewe wakipalilia. "Ile ya lango utaisema lini?"

Yakobo alizidi kupalilia, akang'oa na mahindi mawili.

Ile ya lango ilikuwa hivi. Mwaka wa 1937 Yakobo alikuwa nyapara katika shamba la Mzungu mmoja nje ya Kitale, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mrefu. Alikuwa kijana, amebatizwa juzi juzi, na dini ilikuwa bado moto mkononi. Kila alfajiri, kabla ya kengele ya kazi, aliwakusanya watu akawaongoza kwa maombi. Asubuhi moja ya manyunyu alichelewa. Akakata njia kupitia zizi la maksai, wale wa kuvuta gari la shamba, akafungua lango, na papo hapo akasikia wenzake wameanza wimbo bila yeye. Jambo hilo lilimuuma. Akatoka mbio bila kurudisha komeo.

Maksai walitoka polepole, kama watu waliotumwa, wakaingia kwenye majani mabichi yaliyopandwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Majani yale yakiwa na umande hufurisha tumbo. Jua lilipochomoza, sita walikuwa wamelala chini wakihema. Kabla ya adhuhuri wanne walikuwa wamekufa.

Aliyekuwa mwangalizi wa maksai ni dereva wa gari lao, Osman, Mnubi wa Kitale, mtu mpole asiyesema sana. Bwana Mrefu aliwapanga watu wote mbele ya ghala. Akamwuliza Yakobo, "Wewe ulikuwa wapi alfajiri?"

"Nilikuwa kwa maombi, Bwana."

Watu thelathini wakaitikia kwamba ni kweli. Na kweli alikuwepo. Neno lile halikuwa na uongo hata chembe, ndiyo maana lilifanya kazi vizuri kuliko uongo.

Kisha Mzungu akauliza ni nani aliyeona lango liko wazi. Osman akapiga hatua mbele, akasema, "Mimi."

Alichapwa viboko. Kipande chake, ile hati ya kazi, kikaandikwa maneno mabaya, ya kumfungia milango ya kazi kote Kitale, akaambiwa aondoke siku hiyo hiyo. Yakobo alisimama kando ya ghala akawatazama wakipita, Osman akitembea kwa kupinda mgongo, mkewe Zulekha na mkeka kichwani na mimba ya miezi saba mbele. Mdomo alikuwa nao. Alimfikiria Edah, akaifikiria nyumba yao ya hapo shambani, na kisha, Mungu atuhurumie, akayafikiria maombi. Nikifukuzwa mimi, nani atawaongoza watu hawa?

Baadaye alijiambia labda Mnubi yule kweli alilisahau lango tangu jana yake. Kama sivyo, mbona alisema ni yeye? Alijaribu kuamini hivyo kwa miaka kumi na minne.

Mwishoni mwa 1951 kanisa la Malakisi lilimchagua Yakobo awe mzee wa kanisa. Chakula kikamshinda. Jumapili iliyofuata alisimama, na safari hii hakunyoosha koti.

"Niliacha lango wazi," alisema, "na mtu mwingine..." Sauti ikakatika.

Mwimbishaji, akidhani amemaliza, akaanzisha wimbo. Makofi yakalia. Yakobo aliinua mkono kuwazuia, nao wakadhani anamsifu Mungu. Wakamkumbatia mmoja mmoja, na mzee mmoja akamnong'oneza, "Lango tu, ndugu? Shetani anakusumbua na vitu vidogo." Jina la Osman lilibaki kooni. Yakobo alikuwa hajawahi kuona aibu kama ile, kusamehewa na watu ambao hawakupoteza hata kwato.

Jumatatu alipanda lori la mahindi mpaka Kitale. Akauliza msikitini, akaonyeshwa nyumba ya nyuma, ambapo mzee mwenye mvi alikuwa ameketi kwenye kigoda akishona kandambili za ngozi.

"Osman, mimi ni Yakobo. Yule nyapara."

"Najua. Si uketi?"

Hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, na hakupamba neno hata moja. Osman alimsikiliza huku akipitisha sindano kwenye ngozi.

"Mimi nilikuona, bana," akasema.

"Uliniona?"

"Nilikuwa nyuma ya ghala, natawadha. Nikaona umepita mbio, lango iko wazi. Nikasema wacha niswali kwanza, nitaenda kufunga. Hata sikuharakisha. Kumaliza, maksai wako ndani ya majani." Akakata uzi kwa meno. "Bwana akauliza nani aliona lango iko wazi. Si ni mimi niliona? Ningesema nini?"

"Ungesema ni mimi nilifungua."

"Hiyo ilikuwa yako ya kusema."

Yakobo akaketi chini, palepale kwenye vumbi. Asubuhi ile wote wawili walikuwa kwenye maombi. Mmoja aliyatumia kujificha. Mwenzake aliyahesabu kuwa kosa lake, akalipokea mgongoni.

Zulekha alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mzee wangu alikusamehe kitambo," alisema. "Mimi mtoto wangu alizaliwa kando ya barabara, kabla tufike hapa mjini, na hakulia. Mimi sijasamehe. Sisemi ati sitasamehe. Lakini leo usinipe mkono."

Yakobo alirudi Malakisi akaukataa uzee wa kanisa, bila kueleza. Kitale alikwenda tena mara tatu mwaka uliofuata. Mara ya tatu Zulekha alimletea maji ya kunywa, akayaweka chini, hakumpa mkononi. Yakobo aliyanywa yote.

Kanisani sasa anaketi nyuma, upande wa dirisha. Wito wa kutubu ukitolewa, vichwa vinageuka kumtafuta, naye hatikisiki. Watu wanasikitika. Wanasema Ndugu Yakobo amepoa, moto wake umezimika, na wengine wanamwombea kwa jina.

Edah, ambaye siku hizi haangalii sakafu, alimwuliza wakitoka ibadani, "Mbona usisimame tu, uwaambie ulienda Kitale?"

Yakobo alivaa kofia yake.

"Nikisimama wataimba," akasema.