Ugali wa Mtu Mmoja

Yule mama anayepiga msasa vinyago vya mawe huko Tabaka, kijiji cha wachongaji, husugua sanamu za watu waliokumbatiana, na kidole chake hukawia pale vifua vyao vinapokutana. Jana, kwenye mabeseni ya maji wanamosugulia mawe, wanawake waliulizana wangebadili nini wakitawala dunia.

"Waume wangechuma chai, na sisi tukae sokoni tukipiga soga!" Orpah, mwenzake wa kazini, alisema, wakacheka.

Yule mama akajibu polepole, "Ningepiga marufuku ugali wa mtu mmoja. Hauivi vizuri."

Kicheko kikakatika. "Basi pika wa wawili, mama. Leo nakuja," Orpah akamwambia.

Jioni yule mama akapika wa wawili, akauacha mlango wazi mpaka moto ukazimika. Leo amefika kazini wa kwanza. Pale Orpah anapoketi, ameweka nusu ya ugali, imefungwa vizuri kwa jani la mgomba.